Kuuza Mara Moja, Kulipwa Kila Siku

Somo kwa vikundi vya masomo vya matawi

Sisi katika vyama vya wafanyakazi tumezoea kuhesabu upande mmoja wa maisha ya mfanyakazi, nao ni mshahara unaoingia. Tunaujadili na mwajiri, tunaugombania, tunatia sahihi mkataba, na pengine tunapata nyongeza ya shilingi kadhaa. Upande wa pili, yaani jinsi fedha zinavyotoka mfukoni, tunauacha kuwa shauri la mtu na mkewe. Somo hili ni la upande huo wa pili. Nyongeza iliyopatikana kwa mazungumzo ya mwaka mzima yaweza kwisha kwa shilingi 20 leo na 50 kesho, bila mgomo na bila barua, wala asionekane mtu aliyeichukua. Mwenyewe ameitoa kwa kidole chake, akibonyeza simu.

Tuanze na jambo ambalo kila mtu wa Majanji analijua. Majanji iko pwani ya Ziwa Victoria katika wilaya ya Busia, upande wa Uganda, na Sio Port ya Kenya haiko mbali kwa mashua. Ndugu wengi walio viwandani Tororo na katika mashamba ya miwa ya pande zote mbili za mpaka wana jamaa zao katika vijiji vya pwani kama hii. Huko samaki wadogo, mukene kwa watu wa Uganda, omena kwa watu wa Kenya, na dagaa kwa Kiswahili, huvuliwa usiku wa giza. Taa huelezwa juu ya maji, samaki huufuata mwanga, kisha wavu hufanya kazi yake. Kwa miaka mingi taa hiyo ilikuwa karabai ya mafuta ya taa.

Karabai hununuliwa mara moja ikatumika kwa miaka. Mafuta yake hununuliwa kila jioni mashua inapoingia majini. Je, ni nani aliyepata fedha nyingi zaidi kwa mvuvi huyo, aliyemwuzia karabai au aliyemwuzia mafuta? Mvuvi yeyote atakujibu bila kalamu. Na hilo si jambo la ziwa letu tu. Mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni ya Standard Oil ya Marekani iliuza nchini China taa ndogo iliyoitwa Mei Foo, kwa bei ya chini sana. Haikuwa sadaka. Taa isiyo na mafuta ni kopo tu, na mafuta yalikuwa ya kampuni hiyo hiyo.

Hiyo ndiyo njia ya kwanza ya kupata fedha kwa mteja uliyekwisha kumpata: mpe chombo kwa bei nafuu, kisha umwuzie chakula cha chombo siku zote. Wembe na mpini wake ni hivyo hivyo, na simu na muda wa maongezi pia.

Njia ya pili ni kumwuzia mtu kitu asichoweza kukilipia kwa mkupuo. Cherehani ya Singer, ambayo wasomaji wengi wameiona barazani kwa fundi tangu utotoni, ilienea duniani kwa njia hiyo. Mwaka 1856 Edward Clark, mshirika wa Isaac Singer huko Marekani, alianzisha mpango wa kuitoa mashine kwa malipo madogo ya kwanza, na salio likalipwa kidogo kidogo kila mwezi. Jamaa zisizoweza kutoa bei yote kwa siku moja zikaweza kutoa dola chache kwa mwezi. Kampuni ikapata bei yake na zaidi, tena ikapata mtu atakayerudi kununua sindano, mkanda na vipuri.

Sasa turudi ziwani, maana siku hizi njia hizi mbili zimeunganishwa kuwa moja.

Mwaka 2008 kampuni ya taa ya OSRAM ya Ujerumani ilifungua kituo huko Mbita, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria. Mvuvi aliweka amana, akapewa taa ya umeme na betri. Betri ikiisha aliirudisha kituoni, akalipa ada, akachukua iliyojaa. Angalia vizuri biashara hiyo. Mvuvi hakununua betri, alinunua usiku mmoja wa mwanga, na kesho yake akanunua mwingine. Moshi wa mafuta uliondoka, na hilo ni jambo jema kwa macho na mapafu yake, lakini desturi ya kulipa kila jioni ilibaki palepale. Aliyebadilika ni mpokeaji.

Kisha ikaja taa ya jua ya kulipia kwa simu. Kampuni ya M-KOPA ilianza kuuza taa hizo Kenya mwaka 2012 na kuingia Uganda mwaka 2013. Ilijengwa juu ya M-Pesa, ile huduma ya kutuma fedha kwa simu ambayo Safaricom iliianza mwaka 2007. Bei yake ya Kenya iliyojulikana sana katikati ya miaka ile ilikuwa shilingi 2,999 za kuanzia, kisha shilingi 50 kila siku kwa siku 365. Ukizidisha 50 kwa 365 unapata 18,250, na ukijumlisha malipo ya kwanza unapata shilingi 21,249.

Hesabu hiyo ni ya mtoto wa shule ya msingi, lakini ni wangapi walioifanya kabla ya kupokea sanduku? Mazungumzo na wakala yeyote wa bidhaa za namna hii huwa hivi:

"Kijana, taa hii ni bei gani?"

"Hamsini tu kwa siku, mzee."

"Nimekuuliza bei yake."

"Ndiyo hiyo, mzee. Hamsini."

Kijana huyo hasemi uongo. Amefundishwa kutaja bei kwa kipimo cha siku, kwa sababu shilingi 50 zilikaribia kile ambacho nyumba nyingi zilikuwa zikitoa kwa mafuta ya taa. Mtu haoni gharama mpya, anaona gharama ile ile ikielekezwa mahali pengine. Tena ni haki kusema kwamba mafuta ya taa hayana mwisho, na taa hii ikishalipiwa inakuwa mali yako. Mwandishi wa somo hili haoni sababu ya kumlaumu aliyeinunua. Lakini kwa mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi, kipimo cha siku ni kipimo cha kupoteza njia. Geuza kila malipo ya siku kuwa ya mwezi, uyaweke kando ya karatasi yako ya mshahara. Hamsini kwa siku ni 1,500 kwa mwezi. Hapo ndipo unapoona kama ni kidogo.

Ndani ya sanduku la taa hiyo kuna laini ya simu. Kampuni inajua kama umelipa, na usipolipa huzima taa kutoka mbali. Hili ndilo jambo jipya kabisa katika biashara ya kale. Mwuza cherehani wa zamani alihitaji karani wa kudai, baiskeli, na siku ya mwisho mkokoteni wa kubebea mashine. Gharama hizo ndizo zilizofanya wenye mali waogope kumkopesha maskini. Kufuli la mbali limeondoa karani na mkokoteni, na kwa sababu hiyo mtu wa Majanji asiye na hati ya shamba wala barua ya mwajiri akakopesheka. Ni faida kwake, na ni faida kubwa zaidi kwa mkopeshaji.

Sheria imebaki nyuma kidogo hapa. Sheria ya Kenya ya kuuza vitu kwa malipo ya polepole, Sura ya 507, inasema kwamba mnunuzi akishalipa theluthi mbili za bei, mwenye mali hawezi kukichukua kitu tena ila kwa kwenda mahakamani. Ililenga mtu anayekuja na gari kubeba kabati lililobakiza malipo machache. Je, mtu anayezima chombo akiwa ofisini, bila kugusa mlango wako, amekichukua au hajakichukua? Kabati lililobaki nyumbani bado linatunza nguo. Taa iliyozimwa haitunzi kitu.

Tufike sasa kwenye kiini cha somo. Mfanya biashara huhesabu kwamba kumpata mteja mpya ni gharama. Kuna mshahara na ushuru wa wakala, matangazo ya redio, usafiri, na hasara ya wale watakaotoweka na mali. Mteja wa zamani hana gharama hizo. Jina lake linajulikana, namba yake inajulikana, na daftari linaonyesha kwamba katika siku 365 alikosa siku ngapi. Kwa hiyo mauzo ya kwanza mara nyingi si mahali pa faida kubwa. Mauzo ya kwanza ni mtihani. Aliyefaulu ndiye anayefuatwa, naye hutazamwa kwa jumla ya yote atakayoleta tangu siku ya kwanza mpaka siku atakapoondoka.

Ndiyo sababu ujumbe wa simu huja mara tu unapomaliza kulipa, pengine hata kabla ya kumaliza: "Hongera, sasa unaweza kupata..." Walioanza na taa walipewa nafasi ya kuchukua jiko, televisheni, simu au mkopo wa fedha. Leo M-KOPA inajulikana zaidi kwa simu za kulipia kidogo kidogo, nayo imefika hadi Nigeria na Ghana.

Hapa Uganda mfano mzuri zaidi ni Fenix, kampuni iliyouza taa za ReadyPay na ambayo baadaye ilinunuliwa na ENGIE ya Ufaransa. Wateja waliolipa vizuri walipewa mkopo wa karo ya shule, na rehani yake ikawa taa ile ile. Taa waliyokuwa wameitolea jasho iliwekwa tena chini ya kufuli. Wachumi watatu, Paul Gertler, Brett Green na Catherine Wolfram, waliichunguza biashara hiyo. Waliona kwamba rehani ya taa ilipunguza kiasi cha watu walioshindwa kulipa kwa pointi 19 katika 100, na faida ya mkopeshaji ikapanda sana. Waliona pia kwamba nyumba zilizopata mkopo huo ziliandikisha watoto wengi zaidi shuleni, wala hazikudhoofika kwa mali. Tuyaseme yote mawili, maana elimu ya chama si ya kuchagua nusu ya ukweli. Mzazi alitaka mtoto asome, akapata njia. Mkopeshaji alitaka mtu asiyeweza kukaa gizani, akampata.

Mwaka 2017 M-KOPA ilipata mkopo wa dola milioni 80, benki ya Stanbic ikiongoza. Kampuni hiyo haikuwa na mgodi wala reli. Nguvu yake mbele ya wakopeshaji ilikuwa ahadi za watu wengi wadogo, kila mmoja na hamsini zake. Ndugu mfanyakazi, ukiambiwa kwamba wewe huna kitu, kumbuka kwamba uaminifu wako wa kulipa kila siku ni mali ambayo mabenki hukopesha fedha juu yake. Isipokuwa fedha hizo hukopeshwa mwingine.

Tumezungumzia vyombo. Sasa tuzungumzie deni tupu lisilo na chombo, maana hapo ndipo mishahara mingi ya wenzetu wa Kenya inapoyeyuka. Ukiomba muda wa maongezi kwa Okoa Jahazi ya Safaricom, asilimia 10 hukatwa. Umeomba wa shilingi 100, umepata 90, utalipa 100. Anayefanya hivyo mara 8 kwa mwezi ametoa shilingi 80 za bure, nazo kwa mwaka ni 960. Hiyo ni ndogo. Mnamo Januari 2019 ilianza Fuliza, inayomwezesha mtu kulipa kupita salio lake la M-Pesa. Wakati huo ada ilikuwa asilimia 1 ya kuanzia, na kwa deni la kati ya shilingi 501 na 1,000 ilitozwa shilingi 10 kila siku. Aliyechukua 1,000 akakaa nazo siku 30 alilipa 10 za mwanzo na 300 za siku, yaani 310. Ada zilipunguzwa mwaka 2022, baada ya malalamiko mengi, lakini mtindo wenyewe haukubadilika. Fedha yoyote inayoingia kwenye simu yako hulipa deni kwanza. Mshahara ukiletwa kwa simu hufika ukiwa umekwisha kupita kwa mlango mwingine, na siku ya tano unafuliza tena. Huyo ndiye mteja anayependwa kuliko wote. Anayelipa akaondoka hana faida naye, na asiyelipa kabisa ni hasara. Anayetakiwa ni yule anayelipa na kurudi.

Wenzetu wa mashambani wanajua habari ya kukatwa kabla ya kupokea. Katika mkanda wa miwa wa magharibi ya Kenya, ambako kiwanda cha Mumias kilianza kusaga mwaka 1973, kampuni ililima shamba la mkulima, ikampa mbegu na mbolea kwa mkopo, kisha ikakata gharama zake miwa ilipofika kiwandani. Kulikuwa na wakulima waliopeleka miwa wakarudi na karatasi inayoonyesha kwamba bado wanadaiwa. Aliyemwuzia mbolea na aliyemnunulia miwa alikuwa mmoja, na kalamu ya hesabu ilikuwa mkononi mwake.

Kwa mshahara, Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 19, imeweka mpaka: makato yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili za mshahara. Theluthi moja lazima imfikie mfanyakazi. Uganda nayo, katika Sheria ya Ajira ya mwaka 2006, imetaja makato ambayo mwajiri anaruhusiwa kufanya. Makatibu wa matawi wawe na vifungu hivyo mkononi. Lakini sheria hizi hulinda mshahara ukiwa bado ofisini kwa mwajiri. Ukishaingia kwenye simu hakuna theluthi inayolindwa, na mkopeshaji wa simu aweza kuchukua yote.

Je, mfanyakazi afanye nini? Hatuwezi kumwambia arudi kwenye koroboi. Tunachoweza kusema ni kwamba biashara ile ile ya malipo ya mara kwa mara yaweza kuwa yake mwenyewe, nayo ndiyo chama cha akiba na mikopo, kile tunachokiita SACCO. Vyama vingi vya namna hiyo hutoza asilimia 1 kwa mwezi juu ya deni lililobaki. Mtu akikopa shilingi 20,000 akalipa kwa mafungu 12 sawa, riba yote ya mwaka ni shilingi 1,300. Linganisha na zile 310 za mwezi mmoja kwa mkopo wa 1,000 tu. Tena ziada ya SACCO hurudi kwa wanachama. Ubaya wake ni kwamba lazima uweke akiba kwanza, utafute wadhamini, na usubiri kamati ikutane, wakati simu hukopesha saa 8 za usiku mtoto akiwa na homa. SACCO isiyoweza kumsaidia mwanachama kwa haraka siku ya ugonjwa inawapelekea wakopeshaji wa simu wateja kwa mkono wake. Matawi yaliyo na SACCO yafikirie mfuko mdogo wa dharura usiongoja kikao.

Kuna jambo la kando ambalo viongozi wengine hawatapenda lisemwe. Ada ya chama chetu nayo hukatwa kila mwezi kabla mshahara haujafika mkononi. Kwa lugha ya wafanya biashara, ninyi wanachama ni wateja wa zamani, na chama kinaweza kulala usingizi kikijua ada itaingia. Kwa hiyo maswali yaliyo hapa chini yanawahusu hata viongozi wenu.

Na mvuvi wa Majanji? Hali yake ni ngumu kuliko yetu kwa jambo moja. Mwezi mpevu unapong'aa mwanga wa taa hauna nguvu, mukene hawakusanyiki, na mashua hukaa ufukweni. Kwa siku hizo hana kipato. Taa ya kulipia kwa siku humngoja: asipolipa huzimika, akilipa huwaka, na siku za kumaliza deni husogea mbele. Mkopo wa simu haumngoji, unaendelea kuhesabu siku mvuvi akiwa amekaa anatengeneza wavu. Mwenye shamba la chai au miwa anayeajiri vibarua wa msimu awafikirie hao kwa namna hiyo hiyo, na tawi likijadili mkataba lipime kama siku za malipo ya mshahara zinakaribiana na siku za madeni ya watu wake.

Maswali ya kikundi

1. Kila mmoja aandike malipo yote anayotoa kwa simu kwa siku na kwa juma, ayageuze kuwa ya mwezi, ayaweke kando ya mshahara. Nyongeza ya mwisho tuliyoipata ilikuwa shilingi ngapi? Imebaki?

2. Tafuteni katika kikundi mtu mmoja aliyenunua simu au taa kwa malipo kidogo kidogo. Jumla aliyolipa ni kiasi gani, na kitu hicho dukani kwa fedha taslimu ni kiasi gani? Kwa tofauti hiyo alinunua nini?

3. Chombo kilicholipiwa theluthi mbili kikizimwa kutoka mbali, kikundi chenu kinaonaje: kimechukuliwa, au hakijachukuliwa? Andikeni sababu zenu na kuzipeleka kwa katibu wa tawi.

4. Ada ya chama kwa mwaka ni kiasi gani kwa kila mwanachama, na tawi lilirudisha nini mwaka uliopita?